Bibi Penseli Anajibu: Mashine Isiyojua Kuacha Nyeupe

Toleo lililopita niligusia, kwa mistari miwili tu, kwamba siku hizi unaweza kutengenezewa ukurasa wa kupaka rangi na akili mnemba, mtoto wako mwenyewe akiwa ndani ya picha. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika, na nimechagua zile nilizoweza kuzijibu baada ya kujaribu kwa mkono wangu. Kwa wageni wa safu hii: nimechora kwa wino zaidi ya miaka thelathini, vitabu vya shule na vya watoto. Mashine hizi nilianza kuzichezea kwa sababu mjukuu wangu alitaka picha yake akiwa amempanda kifaru, na siku hiyo kiwiko kilikuwa kinaniuma. Kifaru huyo tutamrudia.

"Shikamoo Bibi Penseli. Namtengenezea binti yangu wa miaka minne kitabu cha kupaka rangi. Kila nikiagiza picha naandika 'usiweke rangi, usiweke kivuli', lakini inakuja na ukijivu kila mahali, nyasi zimechorwa jani moja moja, anga limejaa vistari. Nikiichapisha inaonekana kama fotokopi mbovu ya picha ya rangi. Nakosea wapi? – Mama wa Mmoja"

Marahaba, mwanangu. Umeitajia kivuli, nayo imekuletea kivuli. Mashine hizi zimefundishwa kwa picha nyingi mno zilizoambatanishwa na maneno, na neno likitajwa huvuta kile lilichozoea kukaa nacho. Ile "usi" ya mbele ni ndogo, hupotea njiani. Baadhi ya programu, kama Stable Diffusion, zina kisanduku cha pembeni cha kuandika usivyovitaka, na humo ndimo pa kuweka kivuli na kijivu. Zile za kuzungumza nazo zimeanza kuelewa makatazo, lakini hata hizo mimi sizikatazi. Naziambia kinachotakiwa kuwepo. Agizo langu la kawaida ni hili: "Ukurasa wa kitabu cha kupaka rangi cha mtoto wa miaka minne. Mistari myeusi minene, unene mmoja. Maumbo machache makubwa, kila umbo limefungwa. Karatasi nyeupe tupu. Tembo mmoja katikati, nyuma yake peupe." Umri utaje, unasaidia sana. Na kitu kiwe kimoja. Ukiagiza tembo, mto, jua, vipepeo na maua, mashine italeta vyote na kuongeza vya kwake, maana nafasi tupu inaiwasha kama upele.

Kijivu kidogo kitabaki hata hivyo, na hapa inafaa ujue kinatoka wapi. Mimi nikichora tembo naanzia sikioni, nashuka mgongoni, namalizia mkiani, kalamu haijanyanyuka. Mashine haina sikio la kuanzia. Nyingi huanza na chengachenga tupu, kama za televisheni iliyokosa mawimbi, kisha inasafisha hatua kwa hatua hadi picha itokeze kote kwa wakati mmoja. Mstari wake si mstari. Ni mahali ambapo weusi umekubaliana kukusanyika. Ndiyo maana ukiukuza kwenye kioo unaona ukungu pembeni, na hapa na pale umekatika.

Ukungu una dawa. Fungua picha kwenye GIMP, programu ya bure, nenda kwenye menyu ya rangi utafute kifaa kiitwacho Threshold. Ni mizani ya mwangaza ya 0 hadi 255: pikseli, yaani nukta moja ya picha, iliyo chini ya kiwango ulichoweka inakuwa nyeusi kabisa, iliyo juu yake inakuwa nyeupe kabisa. Anza katikati, kwenye 127, ushushe polepole. Kijivu kinaanza kuyeyuka, nyasi zinapungua, anga linafunguka. Ukizidisha, mistari myembamba nayo itaanza kukatika, kwa hiyo ukiona kope za tembo zimetoweka rudi nyuma kidogo. Ile sura ya fotokopi mbovu huondoka hapo hapo.

Baada ya hapo, chukua ndoo ya rangi humo humo kwenye programu umwage nyekundu ndani ya sikio. Sikio likiwa limefungwa vizuri, litajaa lenyewe tu. Likiwa na ufa, nyekundu itatoka nje, itapita mgongoni, itafurika ukurasa mzima. Juzi nilimmwagia kobe wangu gambani, ukurasa wote ukawa mwekundu, na nikatumia dakika kumi kuutafuta mwanya uliokuwa mdogo kuliko ncha ya sindano, chini ya kwapa la mguu wa nyuma. Ziba kwa brashi nyeusi, tengua ile rangi, jaribu tena. Mtoto mwenye krayoni hataujali mwanya wa namna hiyo, nakiri. Atakayepaka kwenye simu atakumbana nao mara moja.

"Bibi, nisaidie. Naagiza kwa Kiswahili changu safi na napata vituko. Niliomba ndege akipumzika juu ya mti, nikaletewa eropleni imekaa kwenye matawi. Ni lazima niandike Kiingereza? – Kijana Asiyekata Tamaa"

Pole, na usiitupe picha hiyo, nimecheka nayo mpaka miwani ikaanguka. Yaliyokupata ndiyo yaliyonipata kwenye kifaru. Niliandika "msichana amepanda kifaru", mashine ikamweka mjukuu wangu juu ya kifaru cha vita, mzinga mbele na minyororo chini. Yeye alifurahi kupita kiasi. Mimi nikaanza upya.

Lugha yetu ina maneno mengi yenye sura mbili, na sisi tunayatofautisha kwa muktadha bila hata kujua kwamba tunatofautisha. Mtoto aliyelala kwenye mto analazwa majini. Tai inaning'inia shingoni badala ya kuruka. Paa akitoka vizuri ana pembe, akitoka vibaya ana mabati. Mashine hizi zimesoma Kiingereza kingi kuliko Kiswahili, kwa hiyo Kiingereza mara nyingi kitakupa picha iliyo karibu zaidi na ulichotaka, hilo silifichi. Lakini silazimishi. Andika kwa Kiswahili, ila mweleze mnyama kana kwamba unamwelekeza mtu ambaye hajawahi kumwona: "kifaru, mnyama mwenye miguu minne, ngozi nene na pembe puani", "ndege mwenye manyoya na mdomo uliopinda". Kama programu yako ni ya mazungumzo, iambie kwanza ieleze kwa maneno itakachochora, kabla haijachora. Mzinga unaonekana kwenye maelezo kabla haujafika kwenye karatasi.

"Shikamoo Bibi. Nilipakia picha ya mwanangu wa miaka mitano niigeuze iwe ya kupaka rangi, iingie kwenye kitabu cha siku yake ya kuzaliwa. Iliyorudi ni sura ya mzee wa miaka sitini. Mke wangu anasema pia si salama kuweka picha za mtoto huko. Nani yuko sahihi, yeye au mashine? – Baba Mwenye Wasiwasi"

Mkeo. Nitakujia huko.

Kwanza huyo mzee. Uso wa mtoto kwenye picha ya kamera umejaa vivuli laini: chini ya jicho, pembeni mwa pua, kwenye shavu akicheka. Mashine ikilazimishwa kugeuza vivuli kuwa mistari, kile kivuli cha shavu kinakuwa mkunjo wa kutoka puani hadi mdomoni, na mkunjo huo peke yake unatosha kuongeza miaka arobaini. Jambo la kwanza nililofundishwa kuhusu nyuso za watoto ni kwamba kila mstari unaouongeza ni umri. Paji kubwa, macho yaliyoshuka hadi nusu ya kichwa au chini yake, pua ya kialama tu, na basi, nyanyua kalamu. Kuna vifaa vya kutafuta kingo za picha, na vingi bado vinatumia njia aliyoieleza John Canny mwaka 1986, lakini hivyo kazi yake ni kutafuta mahali mwanga unapobadilika; havijui shavu ni nini. Na ukivipa mchoro ambao tayari una mistari minene, vinakurudishia kingo mbili kwa kila mstari, kama reli.

Kwa hiyo mimi sipakii picha ya mtoto kabisa. Naorodhesha yale yanayomfanya yeye awe yeye. Wa kwangu: jino moja la mbele halipo, mafundo mawili ya nywele ambayo la kushoto liko juu kuliko la kulia, viatu vya mvua anavyovaa hata kukiwa na jua, tena vya miguu tofauti. Nikaagiza mtoto wa namna hiyo. Sura haikufanana na yake hata kidogo, na alipoona lile pengo la jino alipiga kelele, "Ni mimi!" Watoto hawajitambui kwa umbali wa macho na pua.

Ngozi usiitaje. Ukitaja ngozi nyeusi, mashine nyingi zitaijaza vistari au kijivu, na mtoto atabaki hana pa kupaka. Acha peupe, rangi ataichagua mwenyewe. Nywele ndizo za kueleza kwa makini, na sema ziwe za mistari ya nje tu, la sivyo zinakuja zimezibwa weusi kama kofia.

Sasa kuhusu mkeo. Picha ikishapakiwa, imetoka mikononi mwako. Itahifadhiwa kwa muda gani na kama itatumika kufundishia mashine inategemea masharti ya huduma hiyo, na masharti hubadilika. Picha ya simu inaweza pia kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Sare ya shule yenye nembo inasema mengine. Kama ni lazima uso ufanane, ichapishe picha hiyo nyumbani, ibandike kwenye kioo cha dirisha mchana, weka karatasi nyeupe juu yake, na ufuate kwa penseli mistari michache unayoihitaji: kichwa, macho, mdomo, masikio. Ni dakika tano. Halafu mazingira ndiyo uiachie mashine, kasri au mwezi au chochote alichotaka, nawe umgandishe mtoto wako katikati kwa gundi na mkasi, upige fotokopi. Fotokopi inafuta alama za mkasi vizuri ajabu. Na watoto wa watu wengine waliomo kwenye picha ya sherehe, hao omba ruhusa kwa wazazi wao hata kama unachora kwa mkono.

"Kwenye simu inapendeza, kwenye karatasi mistari ina meno meno kama msumeno. Na maka peni za watoto zinatoboa hadi ukurasa wa pili. – Mwalimu wa Chekechea"

Mwalimu, hesabu yake ni fupi. Picha nyingi zinazotoka kwenye mashine hizi zina upana wa pikseli 1024 hivi. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297, na ukitaka ichapwe vizuri, nukta 300 kwa inchi, unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Ya kwako ukiitandaza kwenye A4 inabaki na nukta kama 124 kwa inchi. Hayo ndiyo meno.

Usihangaike kuikuza. Ipeleke kwenye Inkscape, nayo ni ya bure, utumie kifaa chake cha kugeuza picha kuwa mistari ya hesabu. Pikseli zinaachwa, kila umbo linaandikwa upya kama mkunjo, na mkunjo hauna meno hata ukiuchapa ukubwa wa ukuta. Kazi hii inaenda vizuri kwa nyeusi na nyeupe tupu, kwa hiyo pitia kwanza kwenye ile mizani niliyomweleza Mama wa Mmoja. Iache pambizo ya sentimita moja na nusu pande zote, maana printa nyingi hazifiki ukingoni, na upande wa kufungia uongeze kidogo.

Karatasi ya ofisini ni ya gramu 80 kwa mita ya mraba na haiwezi kushindana na maka peni. Tafuta ya gramu 120 au zaidi, chapisha upande mmoja. Printa nazo hazilingani: wino wa maji ukiguswa na maka peni ya maji unachafuka na kuburuta weusi ndani ya rangi ya njano, jambo linalomuumiza mtoto kuliko tunavyodhani. Unga wa printa ya leza unastahimili maji. Lakini maka peni za spiriti zinaweza kuulainisha, kwa hiyo jaribu kwenye karatasi moja kabla ya kuchapa thelathini.

"Bibi, jina la mpwa wangu lina herufi nane, mashine imeandika kumi na mbili. – Shangazi wa Mapacha"

Mashine mpya zimeboreka sana katika maandishi, za zamani huchora herufi kama zinavyochora majani. Mimi siziachii. Agiza bango tupu au wingu tupu juu ya picha, jina uliandike mwenyewe kwa herufi nene zenye matumbo wazi ili nazo zipakwe rangi. Ni mapacha, kwa hiyo hakikisha mabango yanalingana urefu. Sihitaji kukueleza kwa nini.

"Nimepata kurasa arobaini nzuri sana. Je, naweza kuuza kitabu, na hakimiliki ni yangu? – Mjasiriamali"

Kuuza na kumiliki ni maswali mawili. La kuuza linategemea masharti ya programu uliyotumia, yasome. Baadhi ya masoko yana masharti yake pia: duka la vitabu la Amazon, kwa mfano, tangu Septemba 2023 linamtaka mchapishaji atamke kama maandishi au picha zimetengenezwa na akili mnemba. La kumiliki linategemea sheria ya nchi. Marekani, Februari 2023, Ofisi ya Hakimiliki ilikipitia kitabu cha katuni ambacho picha zake zilitengenezwa kwa Midjourney, programu ya akili mnemba ya kuchora: maneno na mpangilio wa kurasa vikalindwa kama kazi ya mwandishi, picha moja moja hazikulindwa. Kwa maana hiyo, mtu akikunakilia tembo wako huko, huenda huna cha kumfanya. Na wale wahusika maarufu wa katuni ambao kila mtoto anawataka, wana wenyewe. Mashine kukubali kuwachora hakukupi wewe ruhusa ya kuwauza.

Umenitumia kurasa sita za mfano. Nitakuwa mkweli: nne zimejaa mno. Kwenye ile ya msitu nilihesabu majani hadi sitini nikachoka. Mtoto atapaka matano, ataona hayaishi, ataondoka. Fungua picha, shika ufutio mweupe, ufute majani mpaka ujisikie vibaya, kisha ufute mengine kumi. Ile ya kobe peke yake na wingu moja, iache hivyo hivyo. Hiyo ningeinunua.

"Shikamoo Bibi Penseli. Mimi nina miaka tisa. Kaka alinitengenezea picha yangu kwa kompyuta lakini mkono mmoja una vidole sita. Anasema atafuta kimoja. Nimeshaanza kupaka. – Mimi"

Marahaba, mjukuu wangu. Mwambie kaka asubiri kwanza, asifute kitu. Mimi nilipoletewa mkono kama huo nilipaka kila kidole rangi yake, na cha sita nikakivalisha pete. Wewe umefika kidole cha ngapi?